MAONI YETU: DAWATI LIPIMWE KWA MTOTO



Mwezi uliopita alifika ofisini kwetu mwanachama mmoja, seremala wa Karatina, kulipa ada yake. Alipokwisha kupokea risiti hakuondoka. Alivuta kiti, akakaa, akatueleza jambo lililomkaa rohoni. Alikuwa amepata kazi ya kutengeneza madawati sitini ya shule moja ya msingi, na kipimo alichopewa kilikuwa kimoja tu kwa yote. Akapasua mbao, akapiga randa, akaunganisha, akayapeleka. Siku ya kuyapeleka alimwona binti yake mwenyewe wa Gredi ya 3 akikalishwa kwenye dawati lililotoka katika mikono ya baba yake. Miguu ya mtoto ilining'inia hewani kama ya kuku aliyefungwa kwenye baiskeli, na kidevu chake kilikuwa karibu kugusa daftari. "Nilitaka kuchukua msumeno palepale," alituambia, "lakini yale madawati hayakuwa yangu tena."

Neno hilo hatukuliacha. Tulichukua futi ya seremala, tukaomba ruhusa kwa walimu wakuu, tukaingia katika madarasa ya shule nne: mbili upande wa Mathira, moja karibu na mji wa Nyeri, na moja njia ya kwenda Naro Moru. Hatutazitaja kwa majina, maana walimu walitupokea vizuri na kosa si lao. Twaandika tuliyoyaona.

Tunajua wako watakaouliza: chama cha wafanya kazi kina habari gani na viti vya watoto? Si afadhali waandike juu ya mishahara? Juu ya mishahara tumeandika na tutaandika tena. Lakini fikirini jambo hili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye kazi afananishe vifaa na kazi yenyewe na mwili wa mfanya kazi, na yataka mtu anayeweza kukaa bila kuharibu kazi apewe mahali panapofaa pa kukaa. Karani akipewa kiti kibovu, twaweza kwenda kwa msimamizi tukamwonyesha sheria. Na mtoto je? Masomo ya kutwa huanza saa mbili asubuhi yakaisha saa tisa na nusu. Tangu PP1 mpaka Gredi ya 12 ni miaka kumi na minne. Hakuna karani hata mmoja katika Nyeri nzima ambaye angekubali kukaa miaka kumi na minne juu ya kiti ambacho miguu yake haifiki chini.

Tena mgongo wa mtoto huyo ndio mgongo utakaokuja kuvuna majani ya chai Othaya na Tetu, kubeba magunia ya kahawa kiwandani, kuendesha matatu hadi Nanyuki, au kuinama juu ya cherehani. Shirika la Afya Duniani lasema ya kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa wakiumwa na kiuno, na ugonjwa huo ndio unaowatoa watu kazini na katika shughuli zao kuliko mwingine wowote. Mama zetu walibeba kuni kwa mukwa kichwani hadi ngozi ya paji la uso ikaingia ndani. Wao hawakuwa na la kuchagua. Sisi tunalo.

Sasa tuseme habari za futi yetu. Katika shule ya kwanza madawati yote, ya watoto wadogo na wakubwa, yalikuwa ya namna moja: kikalio na meza vimeunganishwa kwa mbao mbili za ubavuni, haviwezi kusogezwa. Kikalio kilikuwa inchi 17 kutoka sakafuni, na meza inchi 29. Tulimsimamisha mtoto wa Gredi ya 2, tukapima kutoka nyuma ya goti lake hadi chini akiwa na viatu. Inchi 12 na nusu. Basi akikaa, miguu yake haifiki sakafu kwa inchi nne na nusu. Tukapima tena kiwiko chake akiwa amekaa: kilikuwa inchi 7 juu ya kikalio. Lakini meza iko inchi 12 juu ya kikalio hicho hicho. Ili aandike, mtoto huyo hana budi kuinua mabega yake mpaka karibu na masikio, au kusimama, au kupiga magoti juu ya kikalio. Tuliwaona wafanyao yote matatu katika darasa moja. Mwalimu alituambia ya kwamba mwanzoni alikuwa akiwakemea wale wanaopiga magoti, akidhani ni utundu. Siku hizi amewaacha.

Katika shule ya nne tuliona kinyume chake. Pale watoto wa Gredi ya 8 na ya 9, vijana wenye sauti nzito na ndevu za kwanza, walikuwa wamewekwa katika jengo lililokuwa la madarasa ya chini. Kikalio kilikuwa inchi 14. Kijana mrefu akiingiza miguu chini ya meza, magoti yanagonga ubao. Kwa hiyo hukaa upande, miguu yote miwili njiani, kiuno kimeelekea dirishani na mabega yameelekea ubao wa mwalimu. Hukaa hivyo dakika 40 za kila somo, na masomo kwa siku ni mengi. Mkijaribu wenyewe nyumbani kwa dakika kumi mtaelewa tunalosema.

Jambo hili la vijana wakubwa kukalia vya wadogo lina sababu yake, na haifai kuwalaumu walimu wakuu. Mwezi wa Januari 2023 Gredi ya 7 ya kwanza iliingia, na serikali ikaamua ya kwamba Sekondari Msingi ikae katika shule za msingi. Uamuzi huo ulikuwa na faida zake, kwa kuwa mtoto wa miaka kumi na miwili hakulazimika kupelekwa mbali na wazazi. Mwaka 2025 Gredi ya 9 ya kwanza ikafika. Madarasa yalijengwa, na mengine yakageuzwa. Lakini kujenga darasa ni jambo moja na kujua ni nani atakaa ndani yake ni jambo jingine. Mtoto wa miaka minane na kijana wa miaka kumi na mitano wako katika kiwanja kimoja, na stoo ya madawati ni moja.

Yafaa tukumbuke pia tulikotoka. Wazee wetu wa shule za kujitegemea, zile za KISA na za Karing'a, walizijenga kwa mikono yao na kwa senti zao, wakakaa juu ya magogo na juu ya udongo. Serikali ya ukoloni ilizifunga baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Baada ya uhuru tukaja na shule za Harambee, na katika mikutano ya kuchanga, mzazi aliyekuwa hana fedha alileta ubao au alileta siku zake mbili za kazi. Madawati mengi yaliyomo katika shule za zamani kuzunguka Mlima Kenya ni kumbukumbu ya mikutano ile. Kisha mwezi wa Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo. Nchi nzima, idadi ya watoto katika shule za msingi ilipanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi karibu milioni 7.2. Tulishangilia, na tungali twashangilia. Lakini dawati la wawili likawa la watatu, na mahali pengine la wanne, na yule wa pembeni akawa anakaa kwa paja moja.

Kwa hiyo kwa muda mrefu swali letu lilikuwa moja: mtoto ana dawati au hana? Lilikuwa swali la haki kwa wakati wake. Sasa imetupasa kuuliza la pili: dawati hilo lamfaa nani?

Si swali geni duniani. Mwaka 1865 daktari mmoja wa Zürich katika nchi ya Uswisi, jina lake Fahrner, aliandika kitabu kizima juu ya mtoto na meza ya shule. Alieleza kwa makini jinsi mtoto anavyoanza kuandika akiwa wima, kisha kichwa chainama, kisha mgongo wafuata, kwa sababu kikalio kiko mbali mno na meza. Mwaka 1907 Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto mjini Roma, akayakataa madawati mazito yaliyopigwa misumari chini, akataka viti vidogo vyepesi ambavyo mtoto aweza kuvibeba mwenyewe. Baadaye daktari mpasuaji wa Denmark, A. C. Mandal, aliwapiga picha wanafunzi wakiwa katika mtihani, akaona ya kwamba hakuna anayekaa wima kama picha za vitabuni zinavyoamuru. Wote huinama mbele. Akashauri kikalio kiinuliwe na kielekee mbele kidogo, na meza iwe na mteremko. Si wataalamu wote waliomkubali, lakini jambo moja alilolisema lina maana kwetu: usimlaumu mtoto kwa kuinama kabla hujalitazama dawati.

Nchi za Ulaya zina kipimo chao cha pamoja tangu mwaka 2006. Wameyagawa madawati na viti katika saizi kuanzia 0 hadi 7, na kila saizi ina rangi yake. Saizi 3 ni ya rangi ya manjano, kwa mtoto wa kimo cha sentimita 119 hadi 142: kikalio sentimita 35, yaani karibu inchi 14, na meza sentimita 59. Saizi 4 ni nyekundu: kikalio sentimita 38, meza 64. Saizi 5 ni kijani: kikalio 43, ambayo ni inchi 17, na meza 71. Yaani lile dawati tulilolikuta Mathira, lililokaliwa na mtoto wa Gredi ya 2, lingemfaa kijana wa karibu futi tano na zaidi. Fundi aliyelitengeneza hakukosea kazi yake. Alilitengeneza vizuri kabisa, ila kwa mtu mwingine.

Wala msidhani ya kwamba wenye mali wameimaliza shida hii. Mwaka 1999 watafiti wa Michigan, Marekani, waliwapima wanafunzi 74 wa miaka kumi na mmoja hadi kumi na minne, wakalinganisha miili yao na viti na meza za shule yao. Hata mmoja katika watano hakupata kiti na meza vinavyomfaa kwa pamoja. Na hiyo ni nchi inayonunua viti kwa meli nzima.

Hapa yatupasa kusema kweli yote, hata ile isiyotusaidia katika hoja yetu. Zamani watu waliamini, na wazazi wengi wangali wanaamini, ya kwamba dawati baya humpa mtoto kibyongo au kuupinda uti wa mgongo kama herufi S. Madaktari wa siku hizi hawasemi hivyo. Ule ugonjwa wa uti wa mgongo kupinda upande, ambao huonekana zaidi wakati mtoto anapobalehe, kwa kawaida hauletwi na kiti, na mzazi anayeona bega moja la mtoto liko juu kuliko jingine, au mbavu za upande mmoja zimejitokeza anapoinama, ampeleke hospitali asingoje dawati jipya. Kadhalika mtoto anayeinamia daftari akiwa katika dawati linalomtosha, huenda shida yake ni macho. Apimwe macho.

Linalojulikana ni hili. Miguu ikining'inia, ukingo wa kikalio hulikandamiza paja kwa chini, na mtoto huona ganzi. Ili kujiponya huteleza mbele. Akiteleza mbele huachana na egemeo, na mgongo wake hujikunja kama upinde. Misuli ya shingo na ya mabega hufanya kazi ya kushikilia kichwa kutwa nzima. Hupata maumivu, huchoka, huhangaika, na akili yake huondoka kwenye hesabu ikaja kwenye kiuno. Mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka kutoka mlimani na madirisha mengine hayana vioo, hujikunja zaidi kwa baridi. Mwalimu huona mtoto mzembe. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini hatudhani walikuwa na maana ya kumkunja mtoto katika dawati.

Na sasa tuje kwenye kazi, maana hapo ndipo penye shauri letu hasa. Kila dawati lina fundi nyuma yake, na wengi wa mafundi hao ni ndugu zetu wa jua kali wa Karatina, Nyeri, Kerugoya, Embu, Chuka, Meru na Nanyuki. Mwezi wa Mei 2020, shule zilipokuwa zimefungwa kwa ajili ya korona, serikali ilitangaza mpango wa kununua madawati 250,000 yaliyotengenezwa hapa nchini. Tuliupongeza wakati ule. Fedha zilizokuwa ziende kwa wenye viwanda wakubwa zilifika kwenye karakana zenye paa la mabati. Twataka mipango ya namna hiyo irudi. Lakini tunajua pia jinsi kazi hizi zinavyokwenda chini. Mwenye tenda huwa si mwenye randa. Hupokea bei moja, huwapa mafundi bei nyingine, kwa kila dawati. Fundi anayelipwa kwa kila dawati hutengeneza kalibu moja na kukata mbao zote kwa kipimo kimoja, kwa sababu kila kalibu ya pili humlia nusu siku ambayo hakuna anayemlipa. Kwa hiyo kipimo kimoja hakikutoka kwa daktari wala kwa mwalimu. Kimetoka katika bei.

Mbao nazo zina habari yake. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake. Tulielewa sababu, maana mito inayotoka Mlima Kenya na Nyandarua ndiyo inayotunywesha. Lakini viwanda vya kupasua mbao vilinyamaza, bei ya mbao za saiprasi ikapanda, na mbao nyingine zikaletwa kutoka Tanzania. Mwezi wa Julai 2023 Rais alitangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo, jambo likaingia mahakamani, na mambo yakaendelea kwa kusitasita. Katika miaka ile mafundi wengi walijifunza kutumia mkaratusi na mukima wa mashambani mwa kahawa. Ni mbao nzuri zikikauka. Zikitumiwa mbichi kwa sababu mwenye tenda ana haraka, baada ya miezi sita viungo hulegea, dawati hulala upande mmoja, na mtoto hulala nalo.

Watu wengine hutuambia ya kwamba saizi tatu ni gharama kubwa. Tulimwomba seremala wetu wa Karatina apige hesabu mbele yetu. Dawati la kikalio cha inchi 13 lina miguu mifupi, kikalio chembamba na meza ndogo. Hula mbao kidogo kuliko lile la inchi 17. Katika madawati sitini, kama ishirini ni madogo na ishirini ni ya kati, mbao zinazobaki zaweza kulipia ile nusu siku ya kutengeneza kalibu nyingine, na chenji ikabaki. Hesabu yake twaweza kumwonyesha mtu yeyote anayetaka kuiona. Kinachohitajika ni kuandikwa katika karatasi ya tenda kabla ya kazi kuanza, pamoja na neno la pili: mbao ziwe kavu, na fundi apewe muda wa kutosha.

Kitabu cha Wizara ya Elimu cha mwaka 2008 juu ya usalama wa shule kimeeleza ya kwamba darasa la mita 7.5 kwa mita 5.85 lisizidi watoto 30 wenye madawati ya mmoja mmoja, au watoto 40 wenye madawati ya wawili wawili. Kipimo cha chumba kipo kwa sentimita. Nani asiyejua ya kwamba madarasa yetu mengi yamepita hapo? Lakini kimo cha kiti tumeachiana kila mtu na akili yake. Hili lataka kuandikwa na Wizara, saizi kwa saizi, ili mzazi awe na karatasi ya kushika mkononi anapouliza. Madarasa ya chekechea yako chini ya serikali za kaunti kwa Katiba ya 2010, na vyuo vya ufundi vya vijiji kadhalika. Kaunti yenye chekechea mkono wa kulia na vijana wanaojifunza useremala mkono wa kushoto ina sababu gani ya kununua viti vya plastiki vya kimo kimoja? Twawauliza waheshimiwa wa mabaraza ya Nyeri, Kirinyaga, Embu, Tharaka Nithi, Meru na Laikipia, na tutachapa majibu yao hapa kama watayatoa.

Hata hivyo si haki kumwambia mtoto angoje Wizara. Yako mambo ambayo hayahitaji fedha. Katika shule ya pili tuliyoitembelea, mwalimu mmoja wa kike alikuwa amefanya jambo ambalo hatukuliona kwingine. Siku ya kufungua shule aliwatoa watoto wa madarasa matatu nje pamoja na madawati yao, akayapanga madawati kwa kimo, kisha akawapanga watoto kwa kimo, akawarudisha ndani. Hakununua hata msumari. Alituambia ya kwamba wachache tu ndio waliokosa cha kuwafaa, na hao aliwawekea ubao wa kukanyagia miguu, uliopigwa misumari kati ya miguu ya dawati. Jambo hilo lamchukua asubuhi moja kila muhula, kwa sababu watoto hukua, na wa miaka kumi na mitatu huweza kukua inchi tatu kwa mwaka.

Mzazi naye aweza kupima. Mtoto akae mpaka nyuma kabisa ya kikalio. Nyayo zote mbili ziguse chini. Kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti paingie vidole viwili au vitatu. Mikono ikining'inia, kiwiko kiwe karibu sawa na meza, au meza ipite juu kidogo tu. Mgongo upate kitu cha kuegemea. Nyumbani ni vivyo hivyo: mtoto anayefanya kazi ya shule juu ya meza ya kulia chakula, wekeni kitabu kinene au kigoda chini ya miguu yake. Kigoda cha bibi, kile cha miguu mitatu, kilikuwa na kimo kizuri kwa mtoto kuliko viti vingi tunavyonunua kwa mkopo.

Lakini hata dawati zuri haliwi zuri likikaliwa bila kuondoka. Mwili haukuumbwa kutulia dakika mia mbili. Twawaomba walimu, ambao nao ni wafanya kazi na wana migongo yao, wawaache watoto wasimame kidogo kati ya somo na somo, wajinyoshe, wafute ubao kwa zamu, waimbe wakiwa wima. Hii si kupoteza wakati.

Na mkoba. Serikali ya India mwaka 2020 ilitoa mwongozo ya kwamba mkoba wa mwanafunzi usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili wake. Mtoto wa kilo 30 basi asibebe zaidi ya kilo 3. Pimeni mikoba ya watoto wenu kwenye mizani ya majani ya chai, pale kwenye kituo cha kupokelea, kabla karani hajafunga. Tulipima minane. Mitano ilizidi, na mmoja ulikuwa na kilo 7, ambamo tulikuta vitabu viwili vya muhula uliopita, jiwe la kuchezea na kufuli isiyokuwa na ufunguo. Mkoba ubebwe kwa mikanda yote miwili, ukaribie mgongo, usigonge makalio kwenye vilima vya Mukurwe-ini.

Kwa wanachama walio katika halmashauri za shule, ambazo sheria ya 2013 yaziita Bodi za Usimamizi: tunajua mko wengi. Katika mkutano wenu ujao ulizeni swali moja liandikwe katika kumbukumbu: madawati yetu ni ya saizi ngapi, na watoto wetu ni wa kimo gani? Kama kuna tenda inayokuja, ombeni karatasi yake kabla haijatolewa. Kwa mafundi: asilimia 30 ya tenda za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, nanyi mna vijana na wanawake katika karakana zenu. Jiandikisheni kwa vikundi, msiwe mnafanya kazi ya mtu mwingine kwa bei ya mtu mwingine. Kamuingi koyaga ndiri.

Seremala wetu ametengeneza vijiti vitatu vya kupimia, kimoja cha manjano, kimoja chekundu, kimoja cha kijani, ambavyo mtoto akisimama navyo huonekana mara moja dawati lake ni lipi. Viko ofisini. Tawi lolote laweza kuviazima kwa juma moja, na yeyote anayetaka kuvinakili alete mbao zake, ataonyeshwa bure siku za Jumamosi baada ya saa nane. Yeye mwenyewe alirudi katika shule ile mwanzoni mwa mwezi huu akiwa na barua ya halmashauri na msumeno. Amekwisha kupunguza miguu ya madawati kumi na mawili. Vipande alivyovikata havikutupwa. Vimekuwa vya kukanyagia miguu katika Gredi ya 4.